Mukwe Wangu na Mgeni wa Ndani ya Ordinateri

Mukwe wangu Zawadi, huko Lusaka uliko,

Amahoro. Najua umezoea kunisikia kwenye simu nikipiga kelele kama mtu anayeita boti, kwa hiyo barua itakushangaza. Utashangaa zaidi nikikuambia kwamba kabla haijapanda boti ya Mpulungu imesomwa kwa sauti kwenye kibaraza cha duka langu hapa Rumonge, na nakala yake nimeibandika mlangoni, pale ninapobandika picha za mitindo. Nimefanya makusudi. Siku uliyoingia kwetu kartie nzima, mtaa wote, ilicheka. Basi na leo kartie nzima isikie. Haiwezekani kicheko kiwe cha watu wote halafu heshima iwe ya kunong'onezana.

Siku yenyewe unaikumbuka. Mwanangu Hamisi amekuleta kutoka upande wa Kigoma, mutoto wa kambi ya wakimbizi, umezaliwa huko, umekulia huko, Kirundi chako cha kuombea maji tu. Mimi nimekaa nyuma ya cherehani, kanzu mpya, majirani wamejaa mpaka barabarani. Wewe hukungoja kuonyeshwa mtu. Ulikuja moja kwa moja, ukapiga goti kidogo, ukasema kwa ile Swahili yenu ya Tanzania, iliyonyooka kama imepigwa pasi: "Shikamoo, Mzee Ramazani!"

Kwetu mke wa mutoto hatamki jina la baba mkwe, si mbele yake, si nyuma yake, na wewe umelitamka lote, na Mzee juu yake. Halafu mama Hamisi akaangusha sinia ya ndagala, na watu wakapasuka.

Mimi nikakujibu: "Marahaba, kondakta. Tunashukia wapi?"

Mama Hamisi alikuvuta ndani, akakueleza. Ulitoka macho chini, ukaniita Baba, na mpaka mnahama hukuniita kitu kingine. Lakini mimi unanijua. Kila nilipokosa cha kusema, nilisema hicho. Chai imechelewa: "Zawadi, hebu niite kama siku ile, labda chai itasikia." Mvua imegoma: "Zawadi, liite jina langu, mawingu yashtuke." Wewe ulikuwa unacheka kwa upande mmoja wa mdomo na kuendelea na kazi yako.

Sasa ngoja niseme kilichonikuta, ndiyo utaelewa hasira yangu na mwisho wake.

Hamisi alinipigia. "Baba, picha ya tumbo imeonyesha mutoto mwanamume." Nikasema Alhamdulillahi. "Nilitaka tumwite Ramazani." Nikakaa vizuri kwenye kiti. "Lakini Zawadi amekataa. Hataki kabisa, na sababu hasemi." Nikamwambia mtandao iko mubaya, nikakata. Zawadi, mtandao siku ile ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Mama Hamisi akaniangalia. "Una nini?"

"Nina njaa."

"Si umetoka kula sasa hivi?"

"Basi nimeshiba."

Nilinuna. Nikajiambia: utani wangu wote ule kumbe ulimwingia kama sindano, na sasa ananichoma nayo. Anaona jina langu ni uchafu wa kumpaka mutoto wake. Na mimi nilikuwa nimeshawaahidi mbeleko ya mjukuu, nyeupe, yenye majani ya mchikichi kuzunguka ukingo wote, na katikati jina la mutoto, maana hakuna mbeleko inayotoka dukani kwangu bila jina. Nikaamua: mbeleko atapata, ahadi ni ahadi. Katikati nitaacha peupe. Atajaza mwenyewe huko Lusaka.

Lakini kudarizi majani hayo kunahitaji ordinateri, ninyi mnaiita kompyuta, na ordinateri ni wewe.

Nani aliona kwanza kwamba mkono wangu unatetemeka? Si mama Hamisi anayelala ubavuni kwangu. Ni wewe. Na hukusema, "Baba unatetemeka." Ulisema, "Baba, mitindo yako ikiingia kwenye ordinateri, wewe utakuwa unakaa tu na kuamuru kama shefu wa posti." Ikaja ile mashine ya kudarizi, imeshatumika na watu wengine, na programu yake ya kuchorea. Ukaanza kuzipiga picha karatasi zangu, zile za mifuko ya saruji nilizokata tangu nina nywele, ukawa unazifuata mstari kwa mstari na kipanya, mimi nimesimama nyuma yako kukusumbua.

"Hilo jani limekonda. Lilishe."

"Nalilisha, Baba."

"Sasa limevimba. Umelilisha mawese?"

Halafu ziwa likapanda. Likaingia dukani bila hodi, likakaa humo, na lilipotoka karatasi zangu zote zilikuwa uji. Nilisimama pale nikafuta macho, nikasema ni moshi wa wanaokamua mawese. Hakuna aliyekuwa anakamua siku ile. Wewe ulijua. Ukasema tu, "Baba, yote iko humu," ukagusa kile kisanduku kwa kiganja kama mtu anayegusa ng'ombe wake.

Kisha wateja wakatuletea magonjwa. Kila mtu na kle yake, flashi ya picha za harusi na nyimbo, mwishowe ordinateri ikawa inakohoa kama mimi. Ukaifuta, ukaweka mfumo mwingine, hiyo Linux yako ya bure. Nikakuuliza, kitu cha bure kitakuwa na kazi gani? Ukajibu kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kukifungua na kuangalia kilivyoshonwa kwa ndani. Hapo uliniweza. Mimi nguo siihukumu kwa nje. Naigeuza, naangalia mshono. Duniani watu wengi wanauza nguo zilizofungwa bitana ili usione ujinga wa fundi, na hawa wenzako wanakuambia geuza mwenyewe uone. Niliwapenda kabla sijajua ni akina nani.

Shida ni kwamba programu ya kudarizi iliikataa Linux. Inataka mfumo wa zamani tu. Ukasema, basi tutaweka ordinateri ya zamani ndani ya hii mpya. Hii mpya iwe mwenyeji, ya zamani iwe mgeni.

Nikauliza, "Kwa hiyo ordinateri ina mimba?"

Mama Hamisi alipaliwa na chai. Wewe ukafikiri kwanza, ndicho ninachokupendea, hata upuuzi wangu unaufikiria. Ukasema, "Karibu hivyo, Baba. Ila huyu hazaliwi."

Mgeni akaamka, lakini alivyokuwa mzito! Ua moja kufunguka, maharage yanaiva. Akifika katikati anaganda, mtindo unaharibika, mashine ya kudarizi inapewa jani lenye mguu wa kuku. Ndipo ulipokaa chini ukanieleza, na maelezo yale sijayasahau kwa sababu ulijitolea mfano mwenyewe. Ulisema: "Unakumbuka nilivyokuja, Baba, Kirundi sijui? Kila neno la jirani Mama alikuwa ananigeuzia Kiswahili, na langu anawageuzia Kirundi. Salamu tu inachukua mchana. Mgeni huyu yuko hivyo. Kila anachotaka, ordinateri inamtafsiria. Lakini kichwa cha mashine kina uwezo wa kuongea naye moja kwa moja. Tunachokosa ni moduli, vipande vya kuongeza kwenye kiini cha Linux, vya kumfungulia njia."

"Na kwa nini havikuja navyo?"

"Si vya lazima kwa kila mtu. Kama mifuko ya koti. Anayetaka anashonewa."

Kwa hiyo ukashona mifuko. Kwanza ukahakikisha kichwa cha mashine kina uwezo huo. Kisha ukaingia kwenye ule ukurasa wa bluu unaofunguka kabla mfumo haujaamka, ukakuta uwezo wenyewe umezimwa, ukauwasha. Ukashusha moduli kwa bando la simu yako. Ukaandika modprobe, amri ya kukipandisha, na jina la kipande. Ulikuwa unasema kila hatua kwa sauti, ukidhani unajisemesha. Mimi nilikuwa nafunga vifungo vya shati la mtu wa Gitaza, masikio yako kwako.

Ulipomaliza, mgeni aliamka kama aliyemwagiwa maji. Ua likafunguka sijavuta hata uzi. Mimi nilitoka nje nikaita watu waje waone, wakaja, wakakuta maua kwenye kioo, wakasema mbona ni maua tu. Watu hawa bwana.

Na ulinionyesha mchezo mmoja kabla hujazima. Uliandika whoami, yaani unaiuliza mashine, mimi ni nani? Ikakujibu jina lako, zawadi. Nikasema, "Mtu gani anauliza ordinateri yeye ni nani? Amelewa?" Ukasema, "Iko siku itamsaidia aliyejisahau, Baba."

Mlipohama ulinitengenezea mlango wangu. Ukiwasha, mashine inaingia yenyewe, inaandika "Baba" kwa herufi kubwa. Uliniachia na ufunguo mkubwa wa kuongeza na kupunguza vitu. Ila mgeni ulikuwa umezoea kumwashia upande wako, ukaniambia, "Ukitaka kudarizi, Baba, ingia kwangu, neno la siri ni hili."

Sasa wewe niambie. Baba mkwe anaingiaje chumbani kwa mukwe wake? Hata kama chumba chenyewe ni cha kioo na umeme? Kwa hiyo tangu mmeondoka, anayeingia kwako ni mama Hamisi. Anaandika neno la siri kwa kidole kimoja, mimi nimegeukia ukuta, mpaka aseme, "Geuka, programu imefunguka." Wateja wanadhani ninaswali.

Basi. Wiki ile ile ya simu ya Hamisi, umeme ulikatika, ukarudi na hasira, kisanduku kikaungua. Fundi mmoja wa Bujumbura akaitoa diski, akaiweka kwenye kisanduku kingine cha mitumba. Mitindo yote ikaonekana, mgeni akaonekana, yuko pale ukumbini ulikomweka, nje ya chumba chako na changu, ila amerudi kuwa mzito kuliko mwanzo. Fundi akasema hayo ya kudarizi hayamhusu, akapanda gari.

Ningekupigia ungenimalizia kwa maneno mawili. Lakini nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna hapigi simu. Tena nikaapa sitaki hata chumba chako. Mgeni atawashwa kutoka mlango wangu mimi, mutoto wa kiume wa Rumonge.

Nikavaa miwani. Nikaandika modprobe na kile kipande cha zamani. Ikakataa. Nikarudia kwa nguvu, kana kwamba vitufe vinasikia maumivu. Ikakataa. Nikafungua maelezo ya watu wa mfumo wako kwa simu. Yako kwa Kifaransa, na Kifaransa changu kinatosha kusoma bango na kugombana na polisi. Lakini nilielewa: vichwa vya mashine vina koo zake, na kila ukoo una kipande chake. Kisanduku hiki kipya ni cha ukoo mwingine. Nilikuwa namvalisha mtu koti la jirani. Nikashusha cha ukoo wake, nikakipandisha.

Ikasema uwezo umezimwa. Nikakumbuka ukurasa wa bluu! Nikazima, nikawasha, nikaukosa, ukapita. Nikazima tena. Nikaupata, nikabadilisha, nikatoka bila kuhifadhi kama mjinga, nikarudi. Mama Hamisi alisimama mlangoni na ndizi mkononi.

"Wewe, utaiua."

"Naifufua."

"Mpigie Zawadi."

"Zawadi gani?"

Akaondoka na ndizi zake.

Safari hii kipande kilikubali. Nilipiga meza, nikamwamsha paka. Halafu nikamwita mgeni kutoka mlango wangu, na mashine ikanijibu kwamba mimi sina ruhusa ya kugusa njia hiyo. Mimi! Kumbe ruhusa uliitoa upande wako tu, kwa sababu hukuwaza kwamba mzee atataka makuu. Maelezo yakasema mtu aongezwe kwenye kundi la wanaoruhusiwa, unaandika jina lake mwisho wa mstari. Nikaandika ramazani. Ikasema mtu huyo hayupo. Nikaandika kwa herufi kubwa mwanzoni. Hayupo. Nikaandika la baba yangu pia, kwa hasira. Mashine ikasema hao watu haiwajui.

Hapo niliondoa mikono kwenye vitufe, Zawadi. Nikasema, tazama, hata humu ndani amenikataa. Amenipa mlango usio na jina.

Halafu nikakumbuka mchezo wako wa mtu aliyejisahau. Nikaandika whoami, polepole, kidole kimoja kimoja. Ikajibu kwa neno moja.

databukwe

Baba mkwe wangu. Kwa Kirundi, mutoto wa kambini, na hakuna herufi iliyokosewa.

Nikasogeza miwani, nikaona neno hilo hilo liko mwanzoni mwa kila mstari nilioandika asubuhi nzima, dogo, pembeni, kama lebo ya kitambaa. Fundi hasomi lebo. Nilikuwa nimeitwa hivyo mara zote hizo sikuitika.

Kule ndani nani angekuona? Hamisi hafungui. Mama Hamisi hajui kusoma vitu vile. Mimi ulijua sitachungulia. Ungeweza kuandika jina langu tu, ni herufi, hazitoi sauti. Lakini hukutaka kulitamka hata kwa vidole. Mimi nimeona watu wenye adabu mbele ya wageni na watu wenye adabu mbele ya picha, ila adabu ya kuweka mahali ambapo hakuna anayeangalia, kwa ndani, upande wa mshono, hiyo nimeiona kwako. Mimi niliyekuita kondakta.

Nilimwita mama Hamisi. "Ulijua hili?"

Akatazama. "Aliniuliza neno linavyoandikwa. Nikamtajia herufi."

"Na hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa na kazi ya kucheka."

Na hapo hapo, Zawadi, lile la mutoto nalo likafunguka. Jina hukulidharau. Ulikuwa unajiuliza utamwitaje. Mama gani atalea mutoto ambaye jina lake limefungwa mdomoni mwake? Atakapoanguka utasema nini, "Wewe, nanii, inuka"? Hamisi ungemwambia angecheka, angesema hayo ni mambo ya wazee. Kwa hiyo ulinyamaza, ukakubali uonekane mubaya. Na mimi nilinyamaza pia, nikakubali uonekane mubaya. Tofauti yetu ni hiyo, na wewe ndiye uliyesimama upande mzuri.

Usingoje niombe radhi. Mimi siombi, nimezeeka vibaya. Ila niliongeza neno databukwe kwenye kundi, nikatoka, nikaingia tena, na mgeni akaamka kutoka mlango wangu, mwepesi, bila mkalimani. Majani ya mchikichi yakafunguka yote, mengine yamekonda kidogo. Ni yale uliyokataa kuyalisha.

Mbeleko iko kwenye mzigo huu. Ikunjue. Katikati si peupe.

Kama jina hilo hulitaki kwa sababu nyingine, ifungie upande wa ndani, sitajua. Lakini kama ni kwa sababu niliyoisoma kwenye kioo, basi sikiliza, na majirani mnaosoma mlangoni mnishuhudie: mwenye jina ni mimi, na mwenye jina ndiye anayelifungua. Nimekufungulia. Litamke. Mwimbie nalo akilia. Mkaripie nalo akikataa uji. Siku atakapokimbilia barabarani usitafute neno la heshima, piga kelele mpaka shingo ikuume, "Ramazani, rudi hapa!" Na mimi huku Rumonge, nyuma ya cherehani, nikisikia masikio yananiwasha, nitajua ni nani ananiita, na safari hii nitaitika.

Humu ndani ya ordinateri lakini sibadilishi kitu. Niachie.

Murakoze, mukwe wangu.

Ni mimi,
databukwe